Nyeusi Aliyoitaka Kyule

Mimi, Naliaka, si mtu wa kusamehe haraka, na nalisema mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye. Kanisani wakifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, huinamisha kichwa na kunyamaza mpaka wapite. Kwa hiyo nikisimulia habari za Kathini, ambaye wapangaji wa ploti nzima tulimwita Mama Mbithe, msitarajie nimtetee mume wake. Kyule nilimchukia kuliko mkewe mwenyewe alivyomchukia.

Kathini alikuwa Mkamba wa upande wa Machakos, na kwao mvi huja kabla ya wakati. Mama yake alikuwa nazo akiwa na miaka thelathini. Yeye alipofika thelathini na sita, kichwa kilikuwa cheupe karibu chote, ilhali uso ulikuwa bado wa mama kijana, laini, wenye rangi ya chai ya rangi. Hakuwa amewahi kuziona mvi zake kama shida. Alizifunga kitambaa, akaenda zake shambani kwa Wahindi kuchuma maua, akarudi jioni kupika.

Kyule alikuwa dereva wa lori la mawe. Alipenda viatu vinavyong'aa, na akiegesha lori lazima kwanza ajitazame kwenye kioo cha pembeni. Jumamosi moja mwaka 1996 alikuwa kwenye bucha hapa Kitengela na madereva wenzake wakichoma nyama. Kathini akaingia kumwomba ufunguo wa nyumba, kitambaa kimemteleza shingoni. Mmoja wa wale madereva, mgeni, akauliza huyu ni nani.

"Huyu ni mathe," Kyule akajibu bila kupepesa macho. "Ametoka ushago kuniona."

Wanaume wale, waliposikia ni mama wa mwenzao, walishika adabu zao. Walisimama. Wakamvutia kiti, wakamwuliza mvua imenyesha huko nyumbani, na mmoja akamchagulia kipande cha nyama laini, akakikatakata vidogo vidogo kwa sababu ya meno ya mzee. Kathini alikaa, akala kile kipande, akasema asante, akachukua ufunguo, akaondoka. Wakati huo alikuwa na meno yake yote thelathini na mawili.

Baada ya miezi mitatu Kyule alihamia kwa Celine, msichana aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba karibu na steji ya matatu. Alibeba redio, kitanda na godoro. Mbithe, binti yao, alikuwa na miaka kumi na sita, yuko shule ya bweni, na tangu siku hiyo baba yake hakumnunulia hata kalamu.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kinachofuata, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye saluni moja ya Nairobi, na huko kazi yangu ilikuwa rangi. Nilisikia godoro likiburutwa, nikasikia mlango ukifungwa, nikangoja kusikia kilio. Sikusikia kitu. Asubuhi nikamkuta Kathini anafua, uso mkavu.

"Mama Mbithe, pole," nikamwambia.

"Usinipe pole," akasema. "Nipe muda."

Hapo ndipo nilipompenda. Mwanamke wa kulia nitamfariji, lakini mwanamke wa kungoja ndiye wangu.

Kitu cha kwanza alichotaka ni kichwa chake. Hakuniuliza, ingawa alijua kazi yangu. Alikuwa na aibu. Alinunua dawa nyeusi ya unga, ile ya pakiti ndogo, akaikoroga kwenye kikombe cha plastiki, akajipaka gizani akiwa amejifungia. Alipotoka nilishika mdomo. Nywele zilikuwa nyeusi kama makaa, paji la uso lina mstari mweusi, masikio meusi, na ule uso wake mwororo ulikuwa umeingia ndani, una mikunjo ambayo jana haikuwapo. Nyeusi kali hufanya hivyo. Mtu mzima akiivaa karibu na uso, kila kunyanzi hujitokeza kusalimia watu. Alionekana mtu aliyetoka kufiwa.

Hakukata tamaa. Ile nyeusi ilipoanza kuachia mizizi myeupe aliikata yote, akangoja zikamea nyeupe tena, akanunua boksi lenye picha ya mzungu anayecheka, nywele za rangi ya damu ya mzee. Alidhani atatoka kama picha. Mtu asiyejua hudhani rangi ya boksi ndiyo itakayokaa kichwani, lakini rangi hutegemea inapoangukia. Juu ya nywele nyeusi ile damu ya mzee isingeonekana ila juani. Juu ya mvi za Kathini iliwaka. Alitoka nyekundu kama udongo wa Kimaasai uliochanganywa na mafuta. Alipokwenda kununua maziwa, vijana waliokuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea machinjioni walisimama wakaegemea fimbo zao. "Sopa, murrani!" wakamwamkia, maana kwao kichwa chekundu ni cha kijana shujaa, si cha mama mwenye jagi la maziwa. Wale ng'ombe karibu waingie barabarani kwa sababu wachungaji walikuwa wamekaa chini wakicheka.

Ndipo akabisha mlango wangu.

"Naliaka, nifanyie."

"Nani alikuharibu hivi?"

"Mimi mwenyewe. Sasa nataka ile rangi Kyule akiniona, chakula kimkwame kwa koo."

Nikamwambia keti. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia za mtu kupaka nywele, na nimepaka maharusi.

Nilimnyoa, tukangoja miezi miwili. Halafu Jumapili moja asubuhi nikamketisha mlangoni penye mwanga wa jua, nikamfunika kichwa chote na taulo nyeupe ili nywele zisinidanganye macho, nikaanza kumwekea vitambaa chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine. Cha samawati kilimfanya aonekane mgonjwa. Kijivu, hivyo hivyo. Nilipoweka cha rangi ya kahawa na kile cha manjano iliyoiva, uso ukafunguka, macho yakang'aa. "Umeona?" nikamwuliza, nikamshikia kioo. "Ngozi yako iko na joto. Inataka kahawia, tena ile nzito ya joto, si nyeusi. Na usirudi kwa ile rangi ulizaliwa nayo. Mtu akiongeza miaka anapunguza weusi kidogo. Hapa mbele kwa paji tutawacha mvi chache, watu wasiseme umevaa kofia."

Nikampaka tone nyuma ya sikio, tukangoja siku mbili kuona kama ngozi itakataa. Haikukataa. Nikampaka mafuta ya mgando kuzunguka uso, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikampaka, na nikamwosha kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vya Kitengela yana chumvi, hayashiki sabuni, na rangi iliyooshwa kwa maji hayo haitoki vizuri. Hubaki imejificha kichwani ikingoja jasho. Hili kila msusi wa hapa analijua, na asiyelijua hulijua kwa gharama ya shuka za kitanda.

Alipokauka alijitazama muda mrefu. Alionekana wa miaka thelathini. "Nifundishe hii kazi," akasema.

Nilimfundisha, na baada ya mwaka alikuwa ananishinda. Aliacha maua. Wanawake walimjia jikoni kwake, wengine akawafuata majumbani, kwa maana wapo wasiotaka kuonekana saluni: mke wa mchungaji, mwalimu mkuu, mama wa duka la dawa. Mteja akifika na boksi lake mkononi, Kathini alilipokea kwa adabu na kuliweka kando, akatoa kikapu cha vitambaa. Alisema ukweli hata ukiuma. "Hii itakuzeesha," angemwambia mtu bila kuzunguka. Waliomsikia walitoka wazuri. Wasiomsikia walirudi baada ya wiki na kitambaa kichwani, na yeye hakuwacheka. Mimi ndiye niliyecheka, nikiwa nyuma ya mlango.

Kyule naye aliona. Mara ya kwanza walikutana dukani, yeye na Celine wake, na nasikia alisahau alichokuja kununua. Nilipoelezwa hivyo nilinunua soda tatu nikazinywa peke yangu. Lakini Kathini alisema haitoshi. Macho ya tamaa si malipo, alisema, hata fisi anayo.

Kazi ilimfikisha Kajiado. Kule alikuwa na mteja aitwaye Soipan, mama mwenye cheo ofisini, Mmaasai aliyependa kahawia yenye wekundu kidogo, na ilimkaa. Kathini alikwenda kwake kila baada ya wiki sita, na Mbithe, alipomaliza chuo, alimsindikiza kubeba vifaa. Huko ndiko Mbithe alikokutana na Dennis, mpwa wa Soipan, daktari wa mifugo. Mambo ya vijana sitayaeleza. Mwaka 2004 Dennis alisema anataka kuleta wazee.

Soipan ndiye aliyemweleza Kathini desturi za kwao, kichwa kikiwa na povu. Nilikuwepo siku hiyo, nikishika beseni.

"Mama ya msichana anapewa kondoo jike," alisema. "Hiyo kondoo si ya kula, ni ya jina. Ukishapokea, Dennis hatakuita tena Mama Mbithe. Atakuita Pakerr, yaani tuliyepeana kondoo, na wewe utamwita Pakerr, mpaka kufa. Watoto wao watajua nyanya ni nani kwa sababu ya hiyo kondoo."

"Na mtu mwingine akiipokea?" Kathini akauliza.

"Basi ni yeye. Kondoo hairudishwi."

Halafu Soipan akacheka peke yake, akasema tusimwambie mzee Parsaoti, babu yake Dennis, kwamba yeye Soipan anapaka rangi. "Kwa wanawake ananyamaza. Lakini mwanamume! Huyo mzee hawezi kuongea ng'ombe ya mahari na mwanamume ameficha mvi. Anasema mvi ndio kitambulisho. Na macho yake siku hizi iko na ukungu, anaona watu kwa kichwa tu. Nyeupe ni mzee, nyeusi ni kijana."

Nilimwona Kathini akisimamisha mkono wenye kitana. Ulisimama kidogo tu, kisha ukaendelea.

Jumamosi iliyofuata aliniita nimnyoe. Nikamwuliza kwa nini, kahawia ilikuwa bado nzuri. "Nataka zimee nyeupe," akasema. Nilidhani ameugua. Miaka saba tumekijenga hicho kichwa! Lakini nilinyoa, na zikamea, fupi, safi, nyeupe kama pamba, na lazima niseme kwamba akiwa na miaka arobaini na minne nyeupe hiyo ilimkaa kuliko rangi yoyote niliyowahi kumpaka.

Wazee walipobakiza wiki mbili kuja, Kyule alifika. Alisimama uani kwetu akiwa na viatu vyake, akaangalia kila mahali kama mtu wa kukagua nyumba. Alikuwa amefika hamsini, na mvi zilikuwa zimemwingia vizuri kwenye panja na masharubu. Kwa kweli zilimfaa, na iliniuma kuona hivyo.

"Nimekuja juu ya mambo ya Mbithe," akasema bila kuketi. "Wageni watakuja kwangu. Baba ndiye mwenye msichana. Nisipopokea mbuzi za ntheo, hakuna ndoa, unajua Ukamba wetu. Sasa, hiyo siku wewe utakuwa jikoni na wamama wengine. Celine ndiye atakaa na mimi mbele. Na hiyo kondoo yao ya mama, Celine atapokea."

Nilikuwa nachambua mboga. Nilisimama na kisu.

"Celine ndiye alizaa Mbithe?" nikauliza.

"Naliaka, wachana na boma ya wenyewe," akasema, na kumgeukia Kathini. "Ukileta kisirani, nitakataa hizo mbuzi. Halafu uone kama msichana wako ataolewa."

Alikuwa na uwezo huo, na alijua tunajua. Mbithe alikuwa amekwisha kumlilia babake kwa simu na kuambiwa hayo hayo. Nilimtazama Kathini nikingoja ammwagie maji ya moto yaliyokuwa jikoni. Yeye akasema tu, "Nimesikia, Baba Mbithe."

Na hapo, kwa uso uleule, yule mtu akajikuna shingo akasema, "Na kitu kingine. Celine anasema siwezi kukaa karibu yake na hii kichwa, nitaonekana kama baba yake. Wewe ndio unajua hizi madawa. Nichagulie."

Mkuki kwa nguruwe! Nilitaka kucheka nikashindwa, nikataka kulia nikashindwa. Kathini alimvutia kiti. Akamketisha mlangoni penye mwanga, akamfunika kichwa na taulo nyeupe, akatoa vitambaa vyake na kuviweka kimoja kimoja chini ya kidevu cha mtu aliyemwita mama yake mbele ya nyama choma. Alifanya polepole, kwa haki, kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Baba Mbithe," akasema alipomaliza, "hizi mvi zinakupendeza. Ushauri wangu, ziwache vile ziko. Wale ni Wamaasai, wanaheshimu mvi. Kama ni lazima, basi kahawia nzito, kidogo tu, na masharubu usiguse. Nyeusi usijaribu. Nyeusi itakuaibisha. Na uoshe na maji ya mvua."

Kyule alimtazama kile kichwa chake cheupe, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kumbe," akasema. "Wewe umechoka kujipaka, sasa unataka tuzeeke pamoja. Unaona wivu nikikaa na msichana. Eti nyeusi itaniaibisha! Unafikiri sikujui?"

"Mimi nimekuambia," Kathini akasema, akikunja vitambaa.

Aliondoka, na kwenye duka la pale kona tukamwona ananunua pakiti mbili za ile dawa nyeusi ya unga. Mbili. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimgeukia Kathini kwa hasira.

"Kwa nini umemwambia ukweli? Ungemwambia nyeusi ni nzuri!"

"Ningemwambia nyeusi, angepaka kahawia," Kathini akasema. "Niliishi na yeye miaka kumi na saba, Naliaka. Nikisema kutanyesha, alianika nguo."

Basi niliketi. Niliketi kabisa, chini, na kisu mkononi.

Siku yenyewe wageni walitoka Kajiado na magari matatu. Kyule alikuwa amefunga hema uani kwake, viti vya kukodi, jua kali la saa sita. Kathini na mimi tulikuwa jikoni kama tulivyoamriwa, lakini jiko la pale ni mabati matupu yasiyo na mlango, tuliona kila kitu. Kyule alikaa mbele, suti ya kijivu, kichwa cheusi kama sufuria ya kuni, masharubu meusi, na kwenye paji kivuli ambacho mafuta ya mgando yangezuia kama angekuwa na mtu wa kumpaka. Kuzunguka macho mikunjo ilikuwa imeamka yote. Celine alikaa kando yake amevaa kitenge, ameficha vidole kwenye leso, kwa sababu alikuwa amempaka bila mifuko na kucha zake zilikuwa nyeusi kumi zote. Upande wa pili alikaa Muthama, kaka mkubwa wa Kathini, mwenye kichwa cheupe cha ukoo wao. Kyule hakupenda awepo, lakini mjomba humzuii.

Mzee Parsaoti aliingia ameshikwa mkono na Dennis. Alikuwa mrefu, mwenye shuka na koti, macho ya ukungu kama Soipan alivyosema. Alipita kwenye mstari akisalimia. Alipomfikia Muthama alisimama, wakashikana mikono, wakaulizana habari za mvua na mifugo kwa muda wa heshima. Halafu akafika kwa Kyule. Kyule alinyoosha mkono.

Mzee hakuuona mkono. Aliona kichwa. Akafanya vile wazee wa Kimaasai wanavyofanya kwa vijana na watoto: akanyoosha kiganja chake kikubwa, akakiweka juu ya utosi wa Kyule, akakiacha hapo kumbariki.

"Sopa, kijana," akasema kwa sauti ya upole iliyosikika mpaka jikoni. "Baba ya msichana iko wapi?"

Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai.

"Mimi ndio baba," Kyule akasema, kutoka chini ya kile kiganja.

"Wewe?" Mzee akaondoa mkono. Ulikuwa mweusi. Jasho la saa sita lilikuwa limefanya kazi yake juu ya rangi iliyooshwa kwa maji ya chumvi, na kiganja kizima, pamoja na vidole, kilikuwa cheusi kana kwamba ameshika masizi. Akakileta karibu na macho, akakinusa. Tone jeusi lilikuwa limeanza kushuka kwenye panja la Kyule kuelekea kwenye kola nyeupe. Celine akaruka kumfuta kwa leso, na wanawake wa Kajiado wote wakaziona kucha zake.

"Hii ni nini?" mzee akamwuliza mjukuu wake.

Dennis, maskini, alijibu kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka hata kidogo, na hapo ndipo adhabu ilikuwa. Alijifuta kwenye shuka polepole, kidole kwa kidole, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Kama mtu naficha mvi yake, ng'ombe yangu ataficha wapi?"

Wazee wenzake wakaguna kukubali. Mzee akageuka, akatafuta kwa macho yake mabovu mpaka akapata weupe wa Muthama. "Mimi nitaongea na huyu," akasema. "Huyu iko na kitambulisho."

Kyule alianza kusema kwamba yeye ndiye baba, kwamba asipopokea yeye hakuna ndoa. Wazee wake mwenyewe wa Kikamba ndio waliomvuta suti akae. Mmoja alimwambia kwa Kikamba mambo nisiyoyaelewa, lakini masikio ya Kyule yalinywea. Mbuzi za ntheo zikapokelewa na Muthama kwa niaba ya ukoo, na Kyule akaambiwa aseme amekubali. Akasema, akiwa ameshikilia leso kichwani.

Halafu wanawake wa Kajiado wakamleta kondoo, jike, mnene, mwenye kichwa cheusi, wakiimba. Celine alisimama. Sitasema uongo, alisimama. Kyule alikuwa amemsukuma kwa kiwiko, akidhani angalau hilo litabaki lake. Soipan, aliyeshika kamba, alimtazama kucha, akamtazama usoni, akapita.

"Mama ya msichana iko wapi?" mzee Parsaoti akauliza.

"Iko jikoni," Muthama akajibu. "Kathini, toka!"

Kathini akavua aproni, akatoka juani na kile kichwa chake cheupe, na mzee yule mwenye ukungu wa macho akamwona tangu alipotokeza. Alinyoosha mkono kumsalimia kama mzee mwenzake. Dennis akampa kamba. "Pakerr," akasema. "Pakerr," Kathini akamjibu. Mbithe alikuwa akilia hadharani bila kujifuta, na mimi nilipiga vigelegele hadi mwiko ukaniponyoka ukaangukia kwenye pilau.

Kyule alitufuata tulipokuwa tunaondoka. Alitukuta langoni, shingo ina michirizi, kola imeharibika, mdomo chini ya masharubu ukianza kuvimba kwa sababu alipaka bila kujaribu nyuma ya sikio.

"Ulinifanyia makusudi!" akamwambia Kathini. "Ulijua! Ungeninyamazia tu, nisingepaka nyeusi, lakini ulijua!"

Kathini alimvuta kondoo wake akapita. Mimi ndiye niliyemjibu, na nilichomjibu hakiandikiki.

Tuliongozana njiani, yeye na kondoo mbele, mimi nyuma na masufuria. Nilikuwa na furaha mpaka masufuria yanagongana. Nilipitia yote upya, kile kiganja, zile kucha, yule mzee akijifuta kidole kwa kidole, nikicheka peke yangu. Nikaona yeye hacheki. Nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua kwa wiki mbili.

"Mama Mbithe, na kama angekusikia? Kama angeacha mvi zake vile ulimwambia, si angekaa mbele kama mfalme, na Celine achukue hii kondoo? Ungefanya nini?"

Alitembea hatua kadhaa akiizungusha kamba mkononi.

"Kama Kyule angekuwa mtu wa kusikia neno langu hata moja, Naliaka," akasema, "hii kondoo ingetupata kwa nyumba moja, mimi na yeye."

Akanipa kamba nimshikie, akainua ncha ya leso akajifuta macho. Nilimvuta yule kondoo na kutazama pembeni. Mimi sikulia. Kyule hadi leo anaishi Kitengela, na nikikutana naye barabarani humpungia kiganja wazi.